Ukuta Nyuma ya Kiwanda cha Biskuti

"Chimbeni kule!" alisema Profesa Aldous Pym kutoka ukingoni, akinyoosha mwavuli. "Hapo mlipo hamna kitu. Futi sita za udongo, basi."

Ndani ya shimo, Gwen Tolliver hakuinua kichwa. Saa kumi jioni zege lingemwagwa, na juu yake ingesimama bohari ya magodoro. Halmashauri ilikuwa imempa yeye, mwanaakiolojia, siku moja tu ya kuchungulia.

"Huyu mzee vipi?" aliuliza Clive, dereva wa katapila.

"Alikuwa mwalimu wangu. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinasema ukuta wa Warumi ulipita kule kanisani. Mimi niliandika kwamba ulipita hapa. Akanifelisha."

"Lini hiyo?"

"Miaka ishirini iliyopita."

"Na bado una kinyongo? Dada, wewe kiboko."

Kinyongo alikuwa nacho, tena amekilea vizuri. Lakini Pym ndiye aliyemfundisha kazi: kushika mwiko wa kuchimbia, kusoma rangi za udongo, na ile desturi ya wachimbaji ya kuacha sarafu mpya chini kabla ya kufukia, ili atakayekuja ajue kuna aliyemtangulia. Yake ya leo ilikuwa mfukoni, inang'aa.

Saa tisa na robo katapila likakwaruza kitu. Clive akazima injini bila kuambiwa. Gwen akapiga magoti topeni. Jiwe. Jiwe lingine, na katikati yake chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, ile ya Warumi. Ukuta mpana hatua tatu, umenyooka zake kuelekea kiwandani, wala haukujali kanisa liko wapi.

Gwen alilia, na hakuona haya.

"Profesa!" alipaza sauti. "Futi sita! Futi sita kamili!"

Profesa alifungua mwavuli. Mvua ilikuwa imeanza, naye alisimama tu pale pale.

Gwen akaendelea kusafisha. Mwiko ukagonga kitu chembamba, cha mviringo, kimelala juu ya mawe. Akakiokota pamoja na bonge lake la tope.

"Sarafu," alisema.

"Ya Kaizari gani?" aliuliza Clive.

Gwen alikuwa bado hajaipangusa.

"Ya mwaka 1973," alisema Profesa kutoka juu, akaufunga mwavuli wake mvuani.