Nne au Zaidi

Saa moja asubuhi kasoro dakika tatu, Corinne alijifungia bafuni na simu yake, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Matokeo ya mtihani yangetoka saa moja kamili.

Alikuwa anataka nne, basi. Mwaka mzima pale sekondari alisoma historia ya ngazi ya chuo, na mwezi wa tano akafanya mtihani wake. Alama ya juu ni tano. Akipata nne, chuo kitamhesabia kozi ya historia kama aliyekwisha kuisoma. Akipata tatu, ataisoma upya, na kozi hiyo ina mwalimu mmoja tu, Profesa Vondracek.

Mji mzima ulimjua kwa kalamu yake nyekundu. Ukichelewa dakika moja, unakuta mlango umefungwa. Mwaka jana aliangusha nusu ya darasa, na Jumapili yake akaonekana kanisani anaimba kwaya, wala hana habari.

Simu iliita. Alikuwa Marisol, rafiki yake aliyemtangulia chuoni.

"Yametoka?"

"Bado. Mari, naogopa."

"Ogopa tu, shoga. Mimi insha yangu alinirudishia mara tatu, imejaa damu tupu. Afadhali mimi nilikuwa nakwenda nyumbani kulia. Wewe utalilia wapi?"

"Usinitishe bwana!"

"Si ungeomba chuo kingine?"

"Kingine nani atanisomesha bure?"

Mlango uligongwa taratibu. Corinne akakata simu.

"Mwanangu, yametoka?" Ilikuwa sauti ya mama yake. "Njoo ule, pankeki zinapoa."

"Bado, mama!"

Tangu alfajiri mama wa watu alikuwa anarandaranda koridoni, anajifanya anakunja taulo. Corinne alimwonea huruma.

Saa moja ikagonga. Corinne alifumba macho, akasali sala fupi, akabonyeza, akafumbua jicho moja.

Tatu.

Kilio kilimtoka chenyewe. Alifungua mlango akajitupa kifuani kwa mama yake, kwenye aproni inayonukia siagi. Mama akampapasa mgongo, hakuuliza alama. Aliijua kwa kilio.

"Nyamaza, kipenzi changu. Tatu si haba. Wako waliopata moja."

"Mama, naogopa."

"Najua. Ogopa kidogo, inasaidia."

Alimfuta machozi kwa pindo la aproni, jicho la kulia, kisha la kushoto, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mtoto mdogo. Akambusu kwenye paji la uso. Halafu akachomoa kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa mbili kamili," alisema. "Na darasani, mwanangu, usiniite mama. Utaniita Profesa Vondracek, kama wenzako."