Kijarida cha Kila Mwezi

Raudha alikuwa ameshika kalamu, anawaandikia watu walionunua disketi yake ya kujifunzia kuchapa kwa kompyuta. Kijarida cha mazoezi alichokuwa akiwatumia kwa posta kila mwezi, sasa kingekuja kila wiki. Aliogopa wasije wakamsahau.

Hodi ikabishwa. Alikuwa mteja wake mmoja, mama wa makamo, ametoka mbali, Kibamba mpaka hapa Temeke. Kijarida alichoshika kilikuwa kimechanika kwenye mikunjo, kikaungwa kwa gundi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kompyuta ya parokiani naipataga Jumamosi tu, basi kijarida kimoja nakirudia mwezi mzima. Jana nimeajiriwa kuchapa ofisini. Nimekuja kukushukuru.”

Raudha akaiweka kalamu chini. Akamshika mikono yote miwili.

“Basi kijarida kitabaki cha kila mwezi,” akasema. “Mie ndo nashukuru, mama. Karibu ndani, chai ipo.”