Ufunguo wa Nesi

Kitendawili, mjukuu wangu! Kabati lina kufuli, ufunguo uko shingoni mwa mwenyewe, na vilivyomo vimeshatoka vyote. Fikiri huku unasikiliza.

Mwantum alisimama katikati ya mkutano wa zahanati, mkononi ameikunjakunja karatasi aliyotupiwa na mumewe. Ilikuwa orodha ya wanawake wanaochomwa sindano za uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Wezi waliiiba mtandaoni, kafe moja ya intaneti mtaa wa Utemini ikaichapa, mji mzima ukasoma.

Mbele, wafadhili wawili wa kigeni walikuwa wakibishana. Mmoja alisema kompyuta iliyotunza majina iko nchini kwa mwenzake. Mwenzake akasema wezi wako nchi ya tatu, na nchi hiyo hawasemezani nayo, kwa hiyo hakuna wa kuwakamata. Mkalimani alitafsiri huku akifuta jasho.

"Nchi zenu zimenuniana," Mwantum akafoka, "halafu anayerudishwa kwao Sepuka ni mimi, watoto wangu wamezuiliwa kwa baba yao! Nauliza mara ya tatu: nani aliwapa majina yetu?"

Safari hii mkalimani hakutafsiri.

Nyuma ya wageni, nesi wa zahanati aliushika ufunguo wa kabati la mafaili, ule wa shingoni asiouvua hata akioga. Akauvua. Kamba ikanasa kwenye hereni, akaivuta kwa nguvu, akauweka mezani.

"Ni mimi, mdogo wangu. Niliwasomea wafadhili hawa jina moja moja. Walisema bila majina, sindano haziji."