Binti wa Shangazi Gazetini

Sadalla alipofika, katika kusoma hadithi yake gazetini, pale msichana alipotelezea kisimani, shangazi yake aliacha kusuka ukili wa mkeka.

Mwenyewe ndiye aliyetaka asomewe, kwa kuwa macho yake hayakuona tena. Wanawake wa Pongwe walikuwa wamempasha habari kwamba mtoto wa kakake ameanza tena kuandika gazetini. Sadalla angeweza kusema gazeti limepotea. Hakusema.

"Endelea," alisema shangazi.

Akaendelea. Msichana alilia, akamwita mamake mara tatu.

"Hakulia. Hilo umelitia wewe. Mwanangu hakulia."

Sadalla aliutazama ukili mikononi mwa shangazi, miyaa miwili ikifumuka taratibu. Tangu mama yake azikwe, mwaka wa hamsini na nne, alikuwa hajaandika hata mstari. Ndipo siku moja shangazi alipomsimulia msiba wa bintiye kisimani, ili kumliwaza. Naye alirudi nyumbani, akauandika wote bila kuinua kalamu, na akafurahi.

"Shangazi, niwie radhi."

"Mwandishi mzima! Kwani wewe huna maiti wako?"

Sadalla alilikunja gazeti, akalisukuma chini ya mkeka, ingawa shangazi hakuwa akiliona.

"Haya, nisimulie wewe. Kwa mdomo, si kwa karatasi."

"Palikuwa na mwanamke," Sadalla alianza. "Alikuwa mama yangu."

"Naam," aliitikia shangazi, na vidole vyake vikaanza tena kusuka.