Mlango wa Dharura

Asubuhi hiyo mshonaji alikuta mlango wa dharura wa kiwanda umetiwa kufuli jipya. Mafuta ya kufuli hilo yalimganda vidoleni.

Mlango huo haukuwa hisani ya tajiri mwenye kiwanda. Uliletwa na mgomo, baada ya washonaji kuteketea ndani. Mama wa mshonaji huyo alivunjwa mkono katika mgomo ule, na mpaka leo haunyooki.

"Mnaiba vitambaa," msimamizi alimwambia alipouliza sababu ya kufuli. "Rudi kwenye cherehani, dada. Wanaoitaka kazi hii wamejaa getini."

Alirudi, akaketi, kisha akazima cherehani yake na kusimama.

"Sishoni nikiwa nimefungiwa."

Jirani yake naye akazima. Mashine zikanyamaza mstari baada ya mstari.

Msimamizi hakufoka. Alitoa simu mfukoni.

"Wamegoma wote," alisema taratibu. "Njooni na virungu."