Maua ya Kaburi la Nasor

Kikuba kilikuwa kichwani pa kaburi, kimelowa umande, kinanukia kama chumba cha bibi harusi. Mahfoudh alikitazama kwa chuki, akakiokota kwa ncha za vidole, akakifunga katika leso yake.

Kaburi lilikuwa la kaka yake, Nasor, tajiri wa pembe za ndovu, aliyezikwa wiki iliyopita kwa heshima zote. Na kikuba, Bagamoyo nzima inajua kazi yake: asumini na mkadi zilizofungwa kwa uzi, mwanamke hukivaa kifuani amwendeapo mumewe. Nani basi amemvalia marehemu?

Mwaka ule Wajerumani walikuwa hawajatia mguu forodhani, na mji ulikuwa na nafasi ya kubishana. Baada ya sala ya Ijumaa baraza ya Mahfoudh ilijaa, na kila aliyekaa alikuwa mufti.

"Wazungu wa misheni huweka maua makaburini," alisema Mrisho, mshona kanzu. "Nimewaona. Shada kubwa kama ungo!"

"Kwa hiyo Nasor amebatizwa kaburini?" aliuliza mwalimu Mikidadi, watu wakacheka. "Tawi la mrehani, sawa. Ubani, sawa. Lakini kikuba! Hicho ni cha kitandani, jamani."

"Mimi nasema maua wapewe wenye pua," alisema Alawi, mchuuzi wa utomvu wa sandarusi kutoka Mlingotini. "Maiti hanusi." Kisha akamwinamia Mahfoudh sikioni. "Ila mjane ana haki ya kujua, bwana. Ningekuwa wewe, ningempelekea kwa mkono wangu."

Maneno hayo yalimwingia Mahfoudh vizuri kuliko kahawa. Tangu siku ya mazishi alikuwa ameazimia kumwoa Kulthum, mjane wa kaka yake. Lakini Kulthum alikuwa edani, na mpaka eda iishe hapana mwanamume wa kumtamkia posa wala kumpelekea zawadi, hata tone la marashi. Tena alimlilia Nasor kama kwamba duniani hakuzaliwa mume mwingine. Akitoka edani na machozi yale, atamkataa kila mtu. Ilibidi penzi lile life mapema, na sasa mwanamke asiyejulikana ameleta kisu mwenyewe.

Sihaba, mlezi wa Kulthum tangu utotoni, alimfungulia mlango. Mahfoudh akasimama upande huu wa pazia.

"Shemeji, nimekuja na jambo zito. Hiki nimekikuta kaburini kwa mumeo. Kuna mwanamke."

Sihaba alikipokea kikuba kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga, akakipitisha nyuma ya pazia.

"Kumbe," alisema Kulthum. "Na ukikuta kingine?"

"Nitakuletea. Siwezi kukuficha aibu ya ndugu yangu."

"Lakini mimi niko edani, shemeji. Harufu nzuri ni haramu kwangu."

"Hii si harufu. Huu ni ushahidi."

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe mno hata akalirudia barazani jioni ile, mara mbili, wasije wengine wakalikosa.

Tangu hapo kila Ijumaa alifika makaburini kabla ya jua, mbuzi wasije wakala ushahidi. Mvua iliponyesha alikifunika kikuba kwa kofia yake ya viua, akarudi mjini kichwa wazi. Siku moja alimkuta Bwanaheri, mwadhini, amekishika kikuba anataka kukitupa kichakani.

"Weka chini!" alifoka Mahfoudh. "Hicho cha Kulthum!"

Na dawa ilifanya kazi. Kwanza kilio kilikatika. Kisha Ijumaa moja alicheleweshwa na msafara uliotoka Lugoba, na alipofika tu, sauti ikamwahi kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, leo umekawia. Hapakuwa na kitu?" Mahfoudh nusura acheze. Wivu huo! Baada ya muda alimsikia akiimba kwa sauti ya chini, na Sihaba akicheka.

"Amemsahau Nasor," alijigamba barazani. "Na mimi ndiye niliyemsahaulisha."

"Mungu akuzidishie," alisema Alawi.

Eda ikaisha. Kesho yake Mahfoudh alivaa kanzu mpya na joho la marehemu kaka yake, akawachukua mwalimu Mikidadi na Mrisho, wakaenda kwa mzee Hamoudi, babake Kulthum, kupeleka posa. Njiani alitembea mbele, kidevu juu, akiwaitikia watu salamu kama liwali.

Sebuleni walikuta kahawa imekwisha kumiminwa. Alawi alikuwa ameketi mkekani, kilemba kipya kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mahfoudh, macho yakiwa kwa Alawi.

"Marahaba. Karibuni, mmeiwahi halua!" alisema mzee Hamoudi. "Bwana Alawi amekuja asubuhi hii kumposa binti yangu, naye amekubali kabla sijamaliza kumuuliza."

Mahfoudh alibaki amesimama na kiatu kimoja mguuni.

"Amekubali vipi? Eda imeisha jana! Mwanamke gani huyu, anamkubali mtu ambaye hajapata kumpelekea hata salamu?"

Alawi aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu zote.

"Mungu akulipe, bwana Mahfoudh," alisema. "Hukuacha hata kimoja kikanyauka njiani."