Nakala ya Tunu

Chuo kilimpa Tunu hiari: awe anakwenda na kurudi kila siku, au akae bwenini, na nyumbani ipelekwe nakala yake yenye sura na sauti yake, ili mzazi asione upweke. Mama yake alikuwa mjane, hana mtoto mwingine.

"Kaa huko huko usome, mwanangu," alisema. "Hiyo njia itakuchosha bure."

Muhula wa kwanza, kila Tunu alipopiga simu, mama alilalamika: lile linakaa tu kama sanamu, halili, na wali anaoliwekea chini ya kawa unachacha. Muhula wa pili hakulalamika tena. Simu zikawa fupi.

Tunu akaingiwa na hofu. Akafunga virago vyake arudi kulala kwao, hata kama njia ni ndefu. Alipofika, alikuta mlango umerudishwa, na jikoni watu wawili wanacheka. Akasita, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye mlango ule.

"Hodi," aliita.

"Karibu," ikamjibu sauti yake mwenyewe.

"Nani huyo, Tunu?" mama akauliza.

"Mgeni tu, mama."